Taa zangu za mapambo zinawaka nusu tu: je, naweza kuziwasha bila kidhibiti?

Swali la msomaji: "Nina taa za mapambo za LED, vitaa 100 vyeupe kwenye waya wa mita 10. Adapta yake imeandikwa 31V DC. Kati ya adapta na taa kulikuwa na kidude chenye kitufe kimoja cha kubadilisha mitindo ya kuwaka, na sasa kimekufa. Nimekikata, nikaunganisha waya mbili za taa moja kwa moja kwenye adapta. Vimewaka vitaa 50 tu. Nilipogeuza waya, vile vikazima na vikawaka vingine 50. Je, nimeharibu kitu? Naweza kuzitumia hivihivi bila kidhibiti? Nina pia adapta ya volti 24 imekaa bure, itafaa? Na ukanda wa LED wa rangi nao naweza kuufunga bila kidhibiti, au kuuwasha kwa betri ya gari?"

Hujaharibu kitu. Na lile wazo lako la kugeuza waya limekupa jibu ambalo wengi hulikosa hata baada ya kufungua kidude chote na kutazama kilichomo. Taa zako zina waya mbili lakini pande mbili za umeme. Vitaa 50 vimefungwa chanya ikielekea huku, vingine 50 chanya ikielekea kule, vyote juu ya waya zilezile. LED ni dayodi, na dayodi hupitisha umeme upande mmoja tu. Ukileta chanya kwenye waya wa kwanza, kundi moja linawaka na jingine linabaki giza. Ukigeuza, mambo nayo yanageuka.

Kidhibiti chako kilikuwa na transista nne (swichi ndogo za kielektroniki) zilizopangwa kwa mfano wa herufi H, na kazi yake ilikuwa kugeuza chanya na hasi. Kilipogeuza polepole, uliona makundi mawili yakipokezana. Kilipogeuza kwa kasi kubwa, mara nyingi kila sekunde, jicho lilishindwa kufuata, ukaona vitaa vyote 100 vinawaka kwa utulivu. Ukweli ni kwamba taa za namna hii haziwaki zote kwa wakati mmoja hata mara moja. Daima ni nusu, halafu nusu.

Ndiyo maana swali la "naweza kuondoa kidhibiti?" silijibu kamwe kwa ndiyo au hapana kabla ya kujua kidude chenyewe kilikuwa na kazi gani. Kwa nje visanduku hivi vinafanana, kitufe kimoja na waya mbili tatu, lakini ndani kimoja kinapepesa taa tu, kingine kinageuza pande za umeme kama chako, cha tatu kinapunguza mkondo usiunguze taa, na cha nne kinapeleka ujumbe ambao bila huo taa haiwaki kabisa. Ukiondoa cha kwanza hakuna litakaloharibika. Ukiondoa cha tatu unaweza kuwa na taa nzuri kwa dakika kumi, kisha harufu.

Turudi kwenye za kwako. Unaweza kuridhika na nusu? Unaweza, lakini kuna jambo ambalo halionekani kwa macho. Kwenye kidhibiti, kila kundi lilikuwa likifanya kazi nusu ya muda na kupumzika nusu nyingine. Ukiunganisha moja kwa moja, vitaa 50 vinavyowaka havipumziki tena. Wastani wa umeme unaopita ndani yake umekuwa maradufu, na joto limeongezeka vivyo hivyo. Utaziona zinang'aa kuliko zamani na utafurahi. LED inayopewa zaidi ya kiasi chake mara nyingi haifi kwa kishindo. Inafifia taratibu, nyeupe inageuka kuwa na rangi ya kibuluu iliyokufa, na baada ya miezi unajiuliza kwa nini upande mmoja wa ukuta umechoka.

Dawa ni rezista moja, yaani kijenzi kidogo kinachozuia mkondo, kwenye waya wa chanya, na hesabu yake ni rahisi. Taa za volti 31 kwa kawaida hupangwa katika vikundi vya vitaa kama 10 vilivyofuatana kwa mfululizo, kisha vikundi hivyo vinafungwa sambamba. LED nyeupe huwaka ikiwa na takriban volti 3 hivi. (Ndani ya nyeupe kuna chembe ya bluu iliyofunikwa kwa unga wa njano, na bluu huhitaji volti nyingi kuliko nyekundu, ambayo inatosheka na 2.) Kumi kwa 3 ni 30, na adapta inatoa 31. Ile volti moja iliyobaki ndiyo nafasi yote uliyo nayo ya kudhibiti mkondo, na ni ndogo mno. Kwako nusu inayowaka ni vikundi vitano. Tukilenga miliampea 10 kwa kila kikundi, jumla ni miliampea 50. Kwa mkondo huo mdogo LED itashuka kidogo chini ya volti 3, tuseme 2.95, kwa hiyo rezista inabaki na volti 1.5. Gawanya 1.5 kwa 0.05, unapata omu 30.

Mimi ningeanza na omu 47 yenye uwezo wa wati 1, nipime mkondo kwa mita, kisha nishuke hadi 33 au 22 kama mwanga hautoshi. Joto la rezista yenyewe ni dogo sana hapa, chini ya robo wati. Nasema wati 1 kwa sababu nafasi ya ziada kwenye rezista haina hasara, na rezista ndogo iliyobanwa ndani ya tepu haipati hewa. Kama huna mita ya kupima mkondo, pima volti kwenye miguu miwili ya rezista wakati taa zinawaka, halafu gawanya kwa omu zake. Volti 2 kwenye omu 47 ni miliampea 43. Njia hii ni salama zaidi kuliko kuingiza mita ndani ya sakiti, maana mtu akisahau mita kwenye tundu la ampea na kwenda kupima volti, fyuzi ya mita inaungua au mbaya zaidi.

Kuhusu adapta ya volti 24: haitafaa kwa taa hizi. Watu hudhani 24 dhidi ya 31 ni tofauti ya robo hivi, kwa hiyo mwanga utapungua kwa robo. LED haiendi hivyo. Ukigawa 24 kwa vitaa 10, kila kimoja kinapata 2.4, na kwa LED nyeupe hiyo haifiki hata mlangoni. Zitabaki giza, au kwenye chumba cheusi utaona vidoti vilivyofifia. Upande wa pili wa ngazi hiyohiyo ndio wa hatari: mtu anayepata adapta ya volti 36 anadhani ameongeza kidogo tu, kumbe kila kitaa kinapata 3.6, na mkondo unaruka mara nyingi juu ya kiwango. Zaidi ya hapo, LED ikipata joto volti yake ya kuwakia inashuka, mkondo unaongezeka, joto nalo linaongezeka. Bila rezista ya kuvunja mzunguko huo, unajilisha wenyewe hadi kitu kikatike.

Na kama unataka vitaa vyote 100 viwake? Zipo njia, na nitakuambia ninavyozipima.

Iliyo rahisi kuliko zote ni kununua kidhibiti kingine. Vinauzwa peke yake. Angalia mambo mawili tu: volti ilingane na adapta, na idadi ya waya zinazotoka kwenda kwenye taa ilingane. Kidhibiti cha waya tatu si cha taa za waya mbili. Kama kinachokuudhi ni kupepesa, jua kwamba vingi vya mitindo minane vina mtindo mmoja wa kuwaka bila kupepesa, mara nyingi wa nane, na vipo vinavyokumbuka mtindo wa mwisho baada ya umeme kukatika. Kwa mtu asiye na chuma cha kulehemu, hapa ndipo ningesimama.

Ya pili ni kutumia umeme wa AC wa volti ndogo, yaani transfoma ya kawaida ya kushusha volti, bila dayodi ndani yake. AC inageuza chanya na hasi yenyewe, mara 100 au 120 kila sekunde kutegemea nchi, kwa hiyo inafanya kazi ya kidhibiti bila transista hata moja. Lakini transfoma iliyoandikwa 24V AC ina kilele cha volti 34, kwa sababu kilele ni mara 1.41 ya namba iliyoandikwa, na transfoma ndogo isiyo na mzigo mzito hutoa zaidi ya ilichoandikiwa. Kwa hiyo rezista ni lazima, si hiari. Anza na omu 150 ya wati 2 na upime. Kasoro yake ni mpepeso: kila kundi linawaka mara 50 kwa sekunde na kuzima katikati. Ukitulia huoni, ukigeuza kichwa haraka unaona vidoti vimekatika katika, na wapo watu wanaoumwa kichwa. Kwa taa za nje kwenye mti sioni ubaya. Kwa chumba cha kusomea au kitanda cha mtoto, siweki.

Huenda ukajiuliza kama LED haziumii zikigeuziwa umeme. Moja peke yake haipendi zaidi ya volti 5 za kinyume. Ila hapa kundi linalowaka linabana volti isizidi kama 30, na kundi lililo giza linagawana hizo 30 kwa vitaa 10, ni 3 kila kimoja. Zinalindana. Ukikata nusu moja ya taa ili kufupisha waya, hakikisha hujabakiza kundi la upande mmoja tu, maana hapo ulinzi huo umeondoka.

Njia ya tatu ni kwa anayependa kulehemu. Chukua bodi ya L298N, ambayo ni daraja la H lililo tayari na huvumilia hadi volti 46, kisha uipe mapigo kutoka kwenye saketi ya 555 (chipu ndogo ya kutoa mapigo) ya mara 200 kwa sekunde au zaidi, pigo moja likienda kwenye mguu wa IN1 na kinyume chake, kupitia transista moja, kwenye IN2. Bodi nyingi za L298N zina kijumpa (kiunganishi kidogo cha kuchomoa) kinachowasha kipunguza volti cha 5 kilicho juu ya bodi. Ukiingiza volti 31 bila kukiondoa, kipunguza volti hicho kinaweza kuungua. Kiondoe, na uilishe ile sehemu ya volti 5 kutoka chanzo kingine. Bodi yenyewe hula kama volti 2 njiani, na kwa taa zako hilo litapunguza mwanga, hivyo huenda rezista isihitajike kabisa. Nasema huenda, mita ndiyo itakayoamua. Na tukubaliane kwamba hapo hujaishi bila kidhibiti, umetengeneza kingine kilicho chako.

Kufungua waya na kugeuza kikundi kimoja kimoja ili vyote vielekee upande mmoja, wapo wanaoifanya. Kwa vitaa vilivyofunikwa kwa plastiki ya kumiminwa, ni viungio vingi vipya, kila kimoja kikisubiri maji yaingie. Sikushauri.

Taa za waya mwembamba wa shaba, zile zenye vidoti kama matone ya umande, nazo nyingi zenye rimoti zina tabia hiyohiyo ya nusu kwa nusu. Ila ndani yake vitaa vyote viko sambamba, vyote vinataka volti 3, na chanzo ni USB ya volti 5. Kipunguza mkondo kilikuwa ndani ya kisanduku. Ukikikata na kuunganisha shaba moja kwa moja kwenye USB, vitaa vya karibu na plagi vitang'aa kwa ukali na kufa kwanza, kwa kuwa waya wenyewe ndio pekee unaozuia umeme, na wa karibu hauna waya wa kutosha mbele yake. Kwa vitaa 50 vinavyowaka kwa miliampea 5 kila kimoja, jumla ni 250, unahitaji kupoteza volti 2, yaani omu 8 za wati 1. Na ukitumia benki ya chaji, usishangae ikizima baada ya nusu dakika. Nyingi hujizima zikiona mzigo ni mdogo mno, zikidhani simu imeshajaa.

Sasa ukanda wa rangi. Ugeuze uutazame karibu na mahali pa kukatia, usome herufi.

Ukiona waya nne zilizoandikwa 12V, G, R na B, umepata ukanda mtiifu kuliko wote. Chanya ni moja kwa rangi zote, na kila rangi ina hasi yake. Rezista ziko tayari juu ya ukanda, kwa kila vitaa vitatu. Kidhibiti chake hakifanyi lolote isipokuwa kufungua na kufunga zile hasi tatu kwa kasi ili kupima mwanga. Kwa hiyo ndiyo, unaweza kuufunga moja kwa moja kwenye adapta ya volti 12: chanya kwenye 12V, na hasi kwenye rangi unayoitaka. R peke yake ni nyekundu. R na G pamoja ni njano. R na B ni zambarau. Zote tatu ni nyeupe, ingawa ni nyeupe yenye ubaridi wa bluu, na ukiiweka kando ya taa nyeupe ya kweli utaona tofauti. Swichi tatu ndogo ukutani zinakupa rangi saba bila rimoti ya kupotea.

Kitu kimoja tu kinachowashinda watu kwenye ukanda huu ni ukubwa wa adapta. Ukanda wenye vitaa 60 vikubwa vya aina ya 5050 kwa mita, rangi zote zikiwaka, unakula wati 14.4 kila mita. Mita 5 ni wati 72, yaani ampea 6. Seti nyingi huja na adapta ya ampea 2 au 3, na kwa rangi moja moja inatosha. Ukiunganisha zote tatu moja kwa moja adapta inapata moto au inawaka na kuzima. Mimi huongeza robo juu ya hesabu, kwa hiyo kwa wati 72 natafuta adapta ya wati 90. Na kwa mita 5 nalisha kutoka ncha zote mbili, kwa kuwa shaba ya ukanda ni nyembamba na mwisho wake hufifia, nyeupe ikianza kugeuka nyekundu huko mbali.

Ukiona waya tatu zilizoandikwa 5V, DIN na GND, hapo jibu ni hapana. Huu ni ukanda ambao kila kitaa kina chipu yake, mfano WS2812B. Kila chipu husubiri ujumbe wa biti 24, biti 8 kwa kila rangi, huchukua wake na kupitisha uliobaki kwa jirani, kwa mwendo wa biti 800,000 kwa sekunde. Ukiupa umeme tu bila ujumbe, kwa kawaida unabaki giza, na chipu bado zinakunywa umeme kidogo kidogo gizani. Wengine hudhani volti hazitoshi, wanaongeza hadi 12, na chipu zote zinakufa papo hapo. Ukitaka rangi moja isiyobadilika, kidhibiti kidogo cha bei ya chini kinatosha. Ukanda ukishapokea rangi unaishika. Hata ukichomoa waya wa ujumbe utaendelea kuwaka vilevile mpaka umeme ukatike. Kwenye mwanga mweupe kamili kitaa kimoja kinaweza kufika miliampea 60, kwa hiyo vitaa 100 ni ampea 6 za volti 5. Hilo si la chaja ya simu.

Ukanda wa rangi moja wenye waya mbili hauhitaji maelezo. Volti zilingane, chanya kwa chanya, basi.

Betri ya gari ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko unavyodhani, kwa sababu jina lake linadanganya. Inaitwa ya volti 12, lakini ikijaa na kupumzika ina 12.6 au zaidi, na injini ikiwaka inafika 14.4. Chukua ukanda mweupe wa volti 12: vitaa vitatu kwa mfululizo ni volti 9.6, rezista ya omu 120 inabaki na 2.4, mkondo ni miliampea 20. Vizuri. Peleka volti 14.4: LED zinapanda kidogo hadi kama 10.2, rezista inabaki na 4.2, mkondo unakuwa miliampea 35. Umeongeza volti kwa asilimia 20 na mkondo umepanda kwa asilimia 75. Nimeona kanda za namna hii ndani ya magari zikifa vipande vya vitaa vitatu vitatu, na mwenye gari akilaumu ukanda kuwa ni wa bandia. Ukanda haukuwa na kosa. Betri inayochajiwa na paneli za jua ina tatizo hilohilo mchana.

Weka kipunguza volti kati ya betri na ukanda, kile chenye skrubu ndogo ya kurekebishia, na ukiweke kwenye volti 11. Nasema 11 kwa makusudi. Vipunguza vingi vinahitaji volti inayoingia izidi inayotoka kwa kama volti moja, na kwa 11 betri ikishuka kidogo taa hazitayumba. Mwanga unapungua kwa kiasi ambacho jicho halilalamiki, na LED zinapoa. Kisha fyuzi, na iwe karibu na nguzo ya chanya ya betri kadiri mkono unavyofika, kabla ya kitu kingine chochote. Kwa ukanda wa wati 24 unaokula ampea 2, fyuzi ya 3 inatosha. Adapta ndogo ikipata shoti hukata tamaa na kuzima. Betri ya gari haikati tamaa; inamimina mamia ya ampea na waya mwembamba unakuwa kibiriti.

Imebaki aina moja ambayo hukuiuliza, lakini naitaja kwa kuwa msomaji mwingine atasoma jibu lako na kwenda kukata zake. Ni zile zinazochomekwa ukutani bila adapta, plagi moja kwa moja kwenye kisanduku cha kitufe. Hizo msikate. Ndani ya kisanduku kuna dayodi za kunyoosha umeme na swichi za nusukipitishi, lakini hakuna transfoma inayotenga taa na ukuta. Kila mguu wa kila kitaa una umeme wa nyumba. Umeme wa volti 230 una kilele cha 325, na vitaa 100 vyeupe kwa mfululizo vinakula kama 300. Umeme wa nyumba ukipanda kwa asilimia 10, jambo la kawaida kabisa usiku, kilele kinafika 358, na zile volti 58 za ziada hazina pa kwenda isipokuwa ndani ya LED. Kwa sababu hiyohiyo msifupishe waya wake: ukiondoa vitaa 20, wale 80 waliobaki wanabeba mzigo wa walioondoka. Kisanduku kikifa, badilisheni kisanduku kizima kilichofungwa cha aina ileile au mziage taa zote. Rezista na tepu havitengenezi kitu hicho kiwe salama mikononi mwa mtoto anayeshika waya wenye mpasuko.

Kwa zako za volti 31, mwisho wa kazi ni kiungio. Kisanduku ulichokata kilikuwa kimefungwa kuzuia mvua, na ulipokikata uliondoa kinga hiyo. Pindisha shaba, lehemu kwa risasi, kila waya uwe na mrija wake wa kusinyaa kwa joto, na juu yake mrija mmoja mkubwa wenye gundi ndani. Usiviweke viungio viwili mahali pamoja. Kimoja kitangulie kwa sentimita mbili ili hata tepu ikilegea visigusane. Waya uning'inie chini kidogo kabla ya kufika kwenye adapta, maji yadondokee hapo badala ya kufuata waya hadi kwenye plagi. Kisha ziwashe, ukae nazo dakika 20, na uguse rezista na adapta kwa mgongo wa kidole. Vuguvugu ni sawa. Ukishindwa kuacha kidole hapo kwa sekunde tano, zima, ongeza omu, upime tena.